Sauti ya Alfajiri Bustanini

Shangazi akija kututembelea hulala chumba cha uani, kile ambacho dirisha lake linatazama vyungu vyangu vya maua. Chumba kizuri, kina hewa, tena kimya. Yaani kilikuwa kimya.

Siku aliyofika, mimi nilikuwa namalizia kimashine cha kuchunga ua moja linalopenda kunyauka. Paneli ya sola ya volti 6, wati 1, inayoenea kiganjani, maikrokontrola (ndiyo akili ya kimashine), kipima unyevu chenye meno mawili ya kuchomeka udongoni, na kicheza sauti chenye memori kadi na spika. Nilirekodi sentensi tatu kwa sauti yangu mwenyewe, nzito, ya kusomea taarifa ya habari. Kikiwaka kinasema, "Mfumo uko tayari." Udongo ukikauka, "Mmea una kiu." Ukimwagiliwa, "Asante."

Betri sikuweka. Betri ya nini, na jua linachomoza kila siku bila kuitwa? Niliweka kapasita nene ya maikrofaradi 10,000, kidude cha kutunza umeme kidogo kwa muda mfupi, wingu likipita lisikizime. Mchana nilikijaribu juani, kikaongea mpaka raha. Giza lilipoingia nikakifungia ndani ya kopo la plastiki, paneli juu ya kifuniko, nikakisimika chunguni, nikaenda kulala.

Kukapambazuka kwa mawingu.

Sasa, paneli ya sola ina unafiki wake. Mwanga ukiwa hafifu, volti hazishuki sana. Ukiigusisha mita ya kupimia umeme bila mzigo, yaani bila kifaa kinachokula umeme wake, inakuonyesha 6 kasoro kidogo, nawe unaridhika. Kinachoporomoka ni mkondo, yaani wingi wa umeme unaotiririka, unaopimwa kwa miliampea. Zile miliampea 160 za jua la utosi zinabaki ishirini, thelathini. Kuiamsha maikrokontrola zinatosha. Spika ikitaka kuunguruma, hazifui dafu. Basi kimashine kiliamka, kikafungua kinywa kutamka "Mfumo", kikamaliza akiba yote ya kapasita, volti zikaanguka, kikazima. Mzigo ulipoondoka volti zikapanda tena. Kikaamka tena. Na akiba ya kapasita ile, kumbe, ni ya silabi mbili tu.

"Mfu."

Kimya.

"Mfu."

Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nilichosikia ni mlango wa chumba cha uani ukibamizwa. Nikatoka hadi ukumbini, nikamkuta Shangazi amejitanda shuka, mkoba begani, amenipa mgongo, anachungulia uani kwa upenyo wa pazia huku akiniita jina kwa sauti ya kuombolezea. Nikamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Shangazi."

Marahaba sikuipata. Nilipata kandambili ya shavu.

"Wewe uko nje!" alisema akirudi kinyumenyume. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Umekufa tangu saa kumi na mbili!"

Nikachukua mita, nikamsihi twende akajionee kwamba pale hapana jini. Alikubali, kandambili ya pili mkononi. Nikagusisha ncha za mita kwenye nyaya za paneli: 5.8, ikaanguka hadi 3, ikapanda tena.

"Unaona, Shangazi? Umeme upo, ila hautoshi."

"Mfu," likasema kopo.

Nikamweleza habari za miliampea, akanitazama vile watu wanavyomtazama mgonjwa anayezungumza na ukuta. Nikaona maneno hayasaidii. Nikaziba paneli kwa kiganja, kopo likanyamaza. Nikaondoa kiganja; likaendelea.

"Kwa hiyo ukitoa mkono ndiyo unakufa tena," alisema.

Kisayansi hakuwa mbali sana na ukweli. Nilitaka kumpongeza, lakini wingu likasogea, jua likapiga paneli sawasawa, na kopo likapata nguvu ya kumaliza hotuba.

"Mfumo uko tayari." Halafu, bila hata kupumua, "Mmea una kiu."

Shangazi hakutia neno. Aliweka mkoba chini, akanyanyua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya bomba, akaimimina yote: juu ya chungu, juu ya kopo, juu ya paneli, na juu ya miguu yangu.

"Asante," nikasikika nikisema, ilhali nilikuwa nimefumba mdomo.

"Usinizoee," akajibu Shangazi, akaokota mkoba wake akaingia ndani.