Mtambo wa Baba, Printa ya Watoto: Hesabu Ambazo Familia za Wachapaji Hazizipigi

Katika viwanda vidogo vya uchapaji vya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Nasser Road jijini Kampala, si ajabu kuukuta mtambo mweusi wa Heidelberg, wa aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1914 na kukoma mwaka 1985, ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye kompyuta na printa ya kidijitali. Kiwanda kinapokuwa mali ya familia, ujirani huo huzaa mvutano. Baba aliyewasomesha watoto kwa mtambo ule haoni sababu ya kuuondoa, na watoto, ambao wateja huwatumia kazi kwa WhatsApp, wanaona umekalia nafasi ya printa ya pili.

Hoja ya watoto ina uzito. Mteja anayetaka kadi 50 za harusi, kila moja na jina la mgeni wake, huhudumiwa na printa bila bati la kuchapia wala kusafisha wino, na karatasi ya kwanza kutoka huwa tayari ni mali ya kuuza, ilhali uchapaji wa zamani hudai maandalizi na karatasi kadhaa za kuharibika kabla rangi hazijakaa mahali pake. Isitoshe, kazi iliyoulisha mtambo kwa miaka mingi, yaani vitabu vya risiti, imepungua tangu Tanzania ilipoanza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na Kenya nayo ikaleta eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, mwaka 2023.

Hata hivyo, printa huweka wino au tona (wino wa unga) juu ya karatasi na kuishia hapo. Kukata umbo la kasha, kutia mkunjo, kutoboa mstari wa kuchania na kupiga namba kwa mgandamizo unaopenya nakala zote za hati kwa mara moja ni kazi ambazo mtambo wa zamani huzifanya vizuri mno. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania ikafuata mwaka 2019, karatasi ilipata nafasi mpya katika ufungashaji, na mjasiriamali anayetengeneza sabuni leo anahitaji kasha dogo lenye rangi za printa na mikunjo ya mtambo. Hapa ndipo ninapoona ndoa ya njia hizi mbili ina maana. Kuutumia mtambo huohuo kuchapa vipeperushi 100 ili tu usikae bure ni hasara, hata kama moyo wa mzee unafurahi.

Hasara hiyo haionekani kwa urahisi, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko ubora wa mashine. Kila ukurasa wa printa una gharama inayojulikana ya tona na vipuri, tena haishuki sana hata nakala zikifika 5,000. Mtambo ulikwisha kulipiwa zamani, na baba hajilipi mshahara, kwa hiyo kazi yake huonekana haina gharama, ingawa saa zake tatu za kupanga na kurekebisha zingemgharimu fedha mtu yeyote aliyeajiri fundi. Upande wa pili nao una dhuluma yake: binti anayekesha akisanifu kadi huambiwa usanifu ni wa bure, mteja analipia karatasi. Familia inayolinganisha njia mbili kwa hesabu za namna hii inalinganisha kazi ya bure na kazi ya bure, kisha inagombana juu ya mashine.

Jingine ni ujuzi. Kiasi cha mgandamizo, karatasi za kujazia chini ya ile inayochapwa, mlio unaoashiria kwamba kishikio cha karatasi kimelegea: hayo hayamo kwenye kompyuta yoyote, na mara nyingi yamo mikononi mwa mtu mmoja aliyezeeka. Mtambo usio na mrithi hauwezi kuwa sehemu ya mipango ya miaka kumi ijayo, hata ukiwa mzima kiasi gani. Mtoto mmoja apewe siku mbili za kila juma kando ya mzee, kwa malipo, na makosa yake yahesabiwe kuwa gharama ya mafunzo. Akikosekana aliye tayari, mtambo uuzwe kwa mchapaji wa makasha mwenye kazi nao, na uuzwe mapema, wakati baba bado ana nguvu za kwenda kumwelekeza mnunuzi.