Laki moja ya benki na jipsam ya sebuleni

Sebule yangu ya Sahare, hapa Tanga, haina dari. Mgeni akiingia huinua macho, anaziona kenchi, anauona waya wa taa uliozungushiwa msumari, kisha anashusha macho kwa adabu na kuuliza habari za watoto. Nyumba hii ndiyo ya kwanza kwetu. Tumeinunua kwa mkopo wa benki, huu mwaka wa tatu, na kila mwezi napeleka benki zaidi ya ninachodaiwa. Shangazi yangu wa Ngamiani hajanielewa mpaka leo. "Mwanangu," aliniambia Idi iliyopita, akilitazama paa kwa ndani, "benki unawaongezea, nyumba yako unaipunja?"

Hayuko peke yake. Hapa Tanga anayelipa deni lisilodaiwa na kuacha ukuta bila rangi huonekana ama bahili ama ametishwa. Na kuna sababu. Wazee wetu wengi walijenga kwa kudunduliza: msimu huu msingi, msimu ujao tofali, kikoba kikitoka mabati. Kwao shilingi ya ziada haikuwa na pa kwenda ila kwenye nyumba, na walikuwa sahihi. Mikopo ya nyumba bado ni michache mno kwetu, nchi nzima haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Kwa hiyo mtu akikopa leo, ukoo mzima hauna wa kumshauri aliyewahi kuipita njia hiyo. Anashauriwa na wajenzi, wakati yeye ni mdaiwa.

Tuweke namba mezani. Si za kwangu, ila hazina tofauti kubwa na za wengi. Mkopo wa milioni 60, riba asilimia 16, miaka 20. Riba za mikopo ya nyumba zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 15 na 19, baada ya kushuka kutoka kati ya 22 na 24 za mwaka 2010 hivi, kwa hiyo 16 si kisirani. Rejesho la kila mwezi linakuja kama 834,750. Mwezi wa kwanza, 800,000 kati ya hizo ni riba. Kinachopunguza deni ni 34,750.

Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani karatasi imekosewa. Umetoka kazini, umekatwa laki nane na ushee, na deni lako limepungua kwa bei ya kuku wawili. Miaka mitano ikipita bila kukosa hata mwezi, utakuwa umelipa milioni 50. Salio litakuwa milioni 56.8. Milioni hamsini zimeondoka mfukoni, deni limeshuka milioni tatu na kidogo. Ukifika mwisho wa miaka 20 utakuwa umetoa milioni 200 kwa nyumba ya 60.

Sasa ongeza laki moja kila mwezi, tangu mwanzo. Rejesho la kawaida limeshaimaliza riba ya mwezi huo, kwa hiyo hiyo laki yote inaangukia kwenye deni lenyewe. Mwezi wa kwanza, badala ya kukata 34,750 unakata 134,750, karibu mara nne. Mkopo unaisha kwa miaka 12 na miezi miwili au mitatu. Miaka saba na zaidi imefutika, na riba ambayo hutailipa ni zaidi ya milioni 63. Laki zenyewe zote ulizoongeza hazifiki milioni 15.

Msomaji makini atasema milioni 63 za mwaka 2040 si za leo, na kweli si za leo. Lakini mfumuko wa bei kwetu miaka ya karibuni umekuwa kwenye asilimia 3. Toa 3 kwenye 16 uone kinachobaki. Mtu akija kukuambia kuna mahali pa kuweka laki ikazaa asilimia 16, kwa uhakika, bila kukatwa kodi, ungemshuku tapeli. Mahali hapo papo, ni kwenye deni lako mwenyewe, na ukichelewa panapungua utamu, kwa sababu laki ya mwaka wa kwanza inafanya kazi miaka mingi kuliko laki ya mwaka wa kumi. Hapo ndipo fundi jipsam, yule wa dari, anaposhindwa kunishawishi. Dari ya leo na dari ya miaka minne ijayo ni dari ileile.

Ila hela haikati deni kwa kuingia tu kwenye akaunti. Mimi niliongeza miezi minne mfululizo nikijisifu kimoyomoyo. Nilipoomba taarifa ya mkopo, salio lilikuwa palepale lilipopangwa kuwa. Laki zangu zilikuwa zimekaa kama marejesho ya mbele, zinasubiri miezi ijayo, riba inaendelea kutembea. Afisa wa mikopo aliniangalia kama mtoto aliyesahau daftari: "Ulituandikia barua?" Sikuwa nimeandika, na siku ya kusaini hakuna aliyeniambia. Barua inatakiwa iseme fedha ipunguze salio la msingi, na iseme unataka muda ufupishwe, si rejesho lishuke. Na mkataba usomwe kabla, maana ipo mikataba yenye tozo ya kulipa kabla ya wakati, na ipo mikopo ambayo riba yake haihesabiwi kwa salio linalobaki. Huko laki yako haina meno.

Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini, na mjini kwetu ni wengi, wasiihamishe hesabu hii nzimanzima. Kwenye murabaha benki imenunua ikakuuzia kwa bei iliyokwisha kutajwa, faida ikiwa ndani. Ukiwahi kulipa, punguzo likitoka ni hisani yao. Musharaka inayopungua ni jambo jingine: unanunua fungu la benki kidogo kidogo na kulipia pango fungu lililobaki kwao, hivyo kuwahi kununua kunapunguza pango.

Upande wa shangazi una hoja, na moja sikuishinda. Bahari ya Sahare haisomi mkataba wa benki. Upepo wa kusi unakuja na chumvi, na mabati ya nyumba niliyoinunua yalikuwa ya geji 32, membamba, japo aliyeniuzia aliyaita 28. Fundi alipanda na nyundo, akagonga kichwa cha msumari kimoja, kikazama kama kidole kwenye uji. Aliponinyooshea kiganja kilikuwa chekundu kwa kutu. "Bosi, masika haya hayavuki." Mbao mbili za kenchi upande wa kusini zilikuwa zimeshaloa, unazichoma kwa bisibisi zinaingia. Bovu la namna hiyo nalo lina riba yake, tena kubwa kuliko ya benki: mwaka huu bati, mwakani kenchi, mwaka wa tatu maji yamefika kwenye waya. Niliacha kuongeza kwa miezi mitano tukapaua upya upande wote ule. Sijutii hata senti. Waya chakavu na karo linalovuja ningevitendea vivyo hivyo.

Kwa hiyo watu wakisema ukarabati, mimi huuliza upi. Kuna unaozuia hasara, huo haushindani na deni, unatangulia. Na kuna wa marumaru, jipsam yenye taa za kujificha, geti la kuteleza. Huu wa pili ndio unaokula laki za watu, kwa sababu unaonekana. Salio la mkopo haliwezi kupigwa picha ya status.

Hoja ya pili ni kwamba hela ikishaingia kwenye deni hairudi. Mtoto akilazwa, benki haitakurudishia laki zako. Utaenda kukopa kwa jirani au kwenye simu, kwa riba ambayo nisingependa kuitaja mbele ya watoto. Kwa hiyo asiye na akiba ya miezi mitatu minne asiongeze chochote kwanza. Mwenye mkopo wa kikoba au wa simu amalize huo. Mimi nina akiba ya miezi mitatu, si sita, na nakiri usiku mwingine naihesabu.

Wapo pia wanaonikumbusha bima ya mkopo: ukifa, salio linalipwa, laki zako za ziada zimewafaa bima. Ni kweli. Sipangi kufa ili nipate faida.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya mke wangu, na haina hesabu. Binti yetu wa kwanza ana miaka tisa. Benki ikimaliza kwa mpango wangu, atakuwa anakaribia kuondoka nyumbani. "Utamjengea dari akishaolewa?" aliniuliza, bila hasira, akiwa anachambua mchele. Sikuwa na jibu la asilimia. Tuliafikiana jiko lake lifanywe mwaka ule ule, sinki, kabati na lipu ya ukutani, na nilipunguza nyongeza kutoka laki moja na nusu hadi laki. Mkopo utachelewa kidogo. Jiko lina dirisha linalofunguka kuelekea mnazi wa jirani, na huko ndiko wageni wanaishia kukaa.

Sebuleni, kwenye lipu isiyo na rangi karibu na swichi, mke wangu ndiye aliyeanza kuandika kwa penseli salio la kila mwezi. Namba zinashuka kwa safu, moja chini ya nyingine. Mwezi ule namba ilipoacha kuanza na 4 ikaanza na 3 aliizungushia duara. Shangazi alipokuja tena alivaa miwani, akaisoma safu yote kutoka juu mpaka chini akifuata kwa kidole, halafu akauliza fundi jipsam anachukua shilingi ngapi kwa chumba.