Glavu za Siku ya Ukaguzi

Alfajiri, katika malango ya viwanda kando ya Barabara ya Enterprise, Nairobi, vibarua waliokuja kwa miguu kutoka Mukuru husimama wakingoja kuchaguliwa. Katika kiwanda kimoja nilichokizoea, siku aliyotarajiwa mkaguzi wa usalama waligawiwa glavu na helmeti mpya. Jioni vyote vilikusanywa, vikahesabiwa, vikarudishwa stoo. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo ukutani, ila ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa supavaisa, na zamu ya usiku supavaisa huyo hakuwepo.

Waajiri wana hoja yao, kwamba kutimiza matakwa ya sheria ni gharama, nayo si ya kupuuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama, na ukaguzi ufanywe walau mara moja kila mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inamdai mwajiri wa idadi hiyohiyo tamko la kuzuia unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Hongo ya 2016 nayo inataka kila kampuni iwe na taratibu za kuzuia rushwa zinazolingana na ukubwa wake, na aliye na mamlaka aripoti tuhuma za hongo kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Benki yenye idara nzima ya wanasheria huubeba mzigo huo bila kutetereka. Kwa mwenye karakana ya watu 22, hizo ni ada, fomu na siku za kazi zilizopotea, huku jirani yake asiyesajiliwa akiuza bidhaa ileile kwa bei ya chini. Kumhukumu mtu huyu kuwa hana maadili kwa sababu faili lake lina pengo ni kumwonea.

Wala sikubaliani na wanaoidharau karatasi yenyewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu, na mwajiri asiye na kumbukumbu ya kikao hicho huwa na kibarua kigumu mahakamani.

Hata hivyo, hoja ya gharama inakosa nguvu pale hesabu ya watu inapochezewa. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinamhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wapo waajiri wanaompumzisha siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wakamwita tena kwenye mashine ileile. Mwajiri wa namna hiyo hajashindwa na sheria; ameisoma vizuri ili aikwepe. Kwa hiyo mtu anayesimama karibu zaidi na msumeno hayumo katika kamati ya usalama, na akiona hatari hunyamaza, kwa kuwa kutomchagua langoni kesho yake hakuhitaji barua wala kikao. Kanuni za maadili zilizobandikwa kwa Kiingereza mlangoni mwa meneja hazimfikii.

Ningependa mkaguzi afike usiku bila kutoa taarifa, amtafute kibarua wa wiki ya tatu, na kabla ya kufungua faili lolote aombe ufunguo wa lile sanduku.