Breach ya Twenty One Pilots: Muziki kwa Wote, Hadithi kwa Wachache

Tangu Breach, albamu ya kundi la Twenty One Pilots, itoke tarehe 12 Septemba 2025, bado sijaichoka. Ina nyimbo 13, na kila nikiirudia nakutana na kitu kilichokuwa kimenipita. Naipenda kwa dhati, na kwa sababu hiyo nataka kuipima sawasawa, maana si kila anayeikosoa ana kijicho.

Kwa asiyewajua, Twenty One Pilots ni Tyler Joseph, anayeimba, kughani na kupiga kinanda, besi na ukulele, pamoja na Josh Dun, mpiga dramu. Wanatoka Columbus, Ohio, Marekani. Albamu ya Blurryface ya mwaka 2015 ndiyo iliyowapaisha, na mapema 2017 wimbo wao Stressed Out ukawapa tuzo ya Grammy. Aina ya muziki wao ni shida kuitaja. Wimbo unaweza kuanza na ukulele kwa upole, ukaingia rapu, ukamalizikia kwenye mayowe ya roki.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wapo wasemao kwamba anayechanganya kila kitu hana kilicho chake. Wengine wana hoja nzito zaidi: vijana wawili weupe wa Ohio wamevuna kutokana na rapu na rege kuliko wengi waliozaliwa ndani ya muziki huo. Hoja hii siwezi kuipuuza. Wimbo wao Ride, wenye mdundo wa rege, ulifika nafasi ya 5 kwenye chati ya nyimbo 100 za Billboard, mahali ambapo wasanii wengi wa rege wa Jamaika hawajawahi kupakaribia. Kosa hilo ni la soko kuliko la wimbo, lakini faida imewaendea wao.

Hata hivyo, kuazima si hatia. Bongo Fleva yenyewe ilianza kwa vijana wa Dar es Salaam kuichukua rapu ya Marekani na kuisemesha Kiswahili na maisha yao. Mimi hutazama kile kilichoazimwa kinafanya kazi gani. Tyler hughani pale mawazo yanapomwenda mbio hata kuimba kukawa polepole mno. Hupaza sauti pale maneno yanapomwishia. Mdundo unageuka kwa kuwa hali ya mtu anayesema imegeuka. Walipoulainisha mno, kama katika Scaled and Icy ya 2021, walinipoteza kidogo.

Katika Breach wamerudi na nguvu zote, na kwangu kilele ni Drum Show, wimbo wa mtu aliye garini akipambana na mawazo yake. Dramu zimewekwa mbele kabisa, zinagonga hadi kifuani. Halafu katikati Josh anashika maikrofoni mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo alikuwa nyuma ya ngoma zake, na amewahi kusema waziwazi kwamba wasiwasi humsumbua. Kumsikia sasa akiimba kwamba anataka kubadilika kulinisisimua kuliko fumbo lolote la albamu hii. Asiyejua lolote kuhusu kundi hili ataelewa.

Nasema hivyo kwa sababu mafumbo yapo mengi. Tangu Trench ya 2018 wamekuwa wakisimulia habari za Dema, mji wenye kuta unaotawaliwa na maaskofu tisa, na za Clancy, anayetoroka, anakamatwa, anatoroka tena. Mji huo ni sura ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na Breach ndiyo inayoifunga hadithi. Ukiwa umeifuata, City Walls ni wimbo mzito: ndani yake linarudi neno kutoka wimbo wa zamani wa Vessel, albamu ya 2013, na mtu aliyekulia na nyimbo hizo anaweza kulia. Aliyeingia jana atasikia wimbo mzuri tu, kisha atazame video yake bila kujua nani anapigana na nani.

Mwisho wenyewe umewagawanya mashabiki. Clancy anamfikia adui yake, lakini mduara unaanza upya. Walioumia wana haki: miaka saba ni mingi kumsindikiza mtu asifike. Na kwa kijana anayesikiliza akiwa gizani, mwisho kama huu unaweza kuwa mzigo. Lakini nauona kuwa wa kweli. Sonona haiondoki kwa ushindi wa siku moja. Hurudi, na mtu hujifunza kuinuka tena. Mwisho wa shangwe ungewadanganya watu walewale waliopata nafuu kwenye nyimbo hizi.

Wiki ya kwanza albamu ilishika nafasi ya 1 Marekani, ya pili yao kufika hapo baada ya Blurryface, kwa mauzo yanayolingana na nakala 200,000 hivi. Sehemu yake ilitokana na santuri za matoleo mbalimbali ya albamu ileile, na hilo silisifu: mapenzi ya shabiki yasigeuzwe kuwa deni.

Kwa anayeanza, ningempa Drum Show kwanza, kisha The Contract, na hadithi aitafute baadaye akitaka. Wao nao, sasa hadithi ya Dema imekwisha, ningependa watoe albamu isiyohitaji ramani, na Josh apewe maikrofoni zaidi ya mara moja.