Kiti cha dairekta nilikiacha Nairobi

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa lini nitaongoza kitu huku Hollywood, na mimi huwajibu kwamba kuongoza nilishaongoza, Nairobi, nikiwa na miaka 26, drama ya tivii ya kila wiki na watu kumi na wanne kwenye seti. Huku Los Angeles sasa ni mwaka wa sita niko chumba cha waandishi na kile kiti bado nakiona kwa mbali tu.

Watu wanadhani majuu ndiko wanawake walifunguliwa milango mapema. Hebu tuhesabu. Tuzo za filamu za Oscar zilianza 1929, mwanamke wa kwanza kuchukua ile ya uongozaji ni Kathryn Bigelow, 2010, miaka 81 imepita! Sisi uhuru tulipata 1963 na kufika 1992 Anne Mungai alishatoa filamu yake Saikati, halafu wakaja kina Wanjiru Kinyanjui, Judy Kibinge, Hawa Essuman, Wanuri Kahiu, yaani ukimwambia Mkenya anayefuatilia filamu akutajie madairekta wetu ataanza na wanawake bila hata kufikiria. Na filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilikuwa ya Wanuri, 2018, japo mwaka huo huo ilipigwa marufuku nyumbani, na hilo liliniuma sana.

Kwa hivyo kipaji tunacho na nafasi tunapeana. Kinachotuua ni mkataba. Ile drama niliandika episodi arobaini na kitu, nikalipwa kwa kila episodi, tena kwa kuchelewa, ikaishia hapo. Stesheni ikairudia miaka mitatu, mama ananipigia kwa furaha "mwanangu, ile yako inaonyeshwa tena!" na mimi sina hata shilingi moja inayoingia, na majina yakianza kupita mwishoni wanakata waweke tangazo.

Huku kipindi kikirudiwa mwandishi analipwa tena, na kukizuka ubishi wa nani aliandika, chama cha waandishi ndicho kinaamua, si prodyuza. 2023 tuligoma siku 148, nikatembea na bango kwenye jua mpaka soli zikaisha, tukidai malipo ya strimingi, yaani vipindi vinavyotazamwa mtandaoni, na akili bandia isichukue kazi zetu. Halafu kwenye tivii ya huku mwandishi mkuu ndiye bosi, dairekta anakuja kama mgeni, anapiga episodi moja mbili anaenda. Kwetu unatuma skripti asubuhi, jioni unasikia mwisho umebadilishwa na hakuna aliyekuuliza.

Lakini kuandika kwenyewe, jamani, nyumbani kulikuwa kutamu. Mama mkwe anasema "haya" moja tu na kila mtu sebuleni anajua kesho kuna vita. Huku hiyo "haya" naieleza kwa maneno ishirini na mwishowe wanaifuta.

Dada zangu mnaoandika huko, kabla hujasaini tafuta kama kuna mstari wa malipo ya marudio, kama hakuna omba uwekwe, hata asilimia mbili, na mkiomba wengi pamoja itakuwa vigumu kuwafukuza wote. Mimi naandika filamu ya Kiswahili usiku nikitoka kazini, nimefika ukurasa wa 31, na mkataba wake nimeshauandaa, huo mstari ndio wa kwanza.