Nani alisema tajiri ndiye mcha Mungu?

Ukifika wakati wa matoleo, wahubiri wengi hukimbilia Kumbukumbu la Torati 28: mtii Mungu, naye atabariki kapu lako na chombo chako cha kukandia unga. Mstari upo, siukatai. Ninachokataa ni madai kwamba Wayahudi wa kale waliishia hapo, mali ikawa kwao cheti cha uchaji. Walibishana, tena vikali.

Kitabu cha Ayubu kinaanza na swali la Shetani: je, huyu anamcha Mungu bure? Rafiki zake Ayubu waliosisitiza kwamba dhiki yake ni ushahidi wa dhambi wanaishia kukemewa na Mungu mwenyewe.

Anayenivutia zaidi ni Yoshua bin Sira, mwalimu wa hekima wa Kiyahudi, ambaye kitabu chake Wakatoliki wanacho katika Biblia yao. Aliandika Yerusalemu, yapata mwaka 180 kabla ya Kristo. Hakuchukia mali, anafundisha hata adabu za kula kwenye karamu za wakubwa. Katika sura ya 31 anasema heri tajiri asiye na lawama, kisha anauliza: ni nani huyo, tumsifu? Mimi naisoma kama kejeli. Sura ya 34 haina mzaha: atoaye dhabihu kwa mali ya maskini ni kama amchinjaye mwana mbele ya baba yake. Na huyu ni mtu aliyelipenda hekalu, akamtungia kuhani mkuu Simoni sifa ndefu. Hapingi sadaka. Anauliza imetoka wapi, swali ambalo mahubiri ya "kupanda mbegu", yaani utoe ili ubarikiwe zaidi, hayana haja nalo.

Waraka wa Henoko, andiko jingine la Wayahudi wa kale, uliohifadhiwa mzima kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, ni ole juu ya ole: tajiri na mwenye dhambi karibu ni mtu yule yule. Hapo naona mwandishi amezidisha.

Jumuiya ya Kiyahudi ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, iliweka kanuni. Aliyedanganya kuhusu mali yake alitengwa na mlo mtakatifu mwaka mzima, akakatwa robo ya chakula. Nayo Hati ya Dameski, andiko jingine la kanuni walilokuwa nalo, inaagiza ujira wa angalau siku 2 kila mwezi ukabidhiwe kwa msimamizi na waamuzi, uwafae yatima, maskini, mzee anayekaribia kufa, mateka wa taifa geni, na binti asiye na ndugu wa kumsimamia.