Ukihamia Dar, mtafute mjumbe wako

Benki walitaka barua ya utambulisho yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Nikaenda ofisini, nikakaa kwenye benchi mpaka zamu yangu ikafika, na mtendaji akaniuliza swali moja tu: "Mjumbe wako nani, dada?"

Sikumjua. Nilikuwa nimekaa Mwananyamala miezi minne, na kabla ya hapo mwaka mzima Mikocheni. Kwenye bahasha nilikuwa na pasipoti ya Kenya, kibali cha ukaazi daraja B na mkataba wa kazi. Mtendaji hakuvigusa. Akaniambia kwa upole nianzie kwa mjumbe wa nyumba kumi, yeye ndiye aseme kama ananifahamu.

Nilimkuta mjumbe barazani kwake, anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilipomtajia nyumba ninayokaa, mkono ukasimama juu ya ungo. "Wiki iliyopita palikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwenu. Wewe hatukukuona, mwanangu."

Bora angenigombeza. Turubai nililiona. Nilitoka kazini jioni, nikapita pembeni ya viti vya plastiki na hedifoni masikioni, nikafunga mlango nikapika ugali wangu. Nilijiambia siwajui wale watu, nisije nikawasumbua. Kumbe kutowajua ndiyo ilikuwa sababu ya kwenda.

Toka siku ile nimekuwa na msimamo mmoja, na nausema kwa kila anayenipigia simu kuniuliza habari za kuhamia Dar: mtaa huu haukufahamu kwa vibali, unakufahamu kwa misiba. Vibali ni vya lazima, sisemi vipuuzwe. Tangu Julai 2010 sisi wa Afrika Mashariki tuna itifaki ya soko la pamoja, na bado Mkenya anayekuja kufanya kazi huku anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi. Vifuatilie. Lakini ukivipata vyote unakuwa umeruhusiwa kukaa tu, kuishi na watu hujaanza.

Sehemu ya kosa langu nilitoka nayo nyumbani. Kenya jina la Nyumba Kumi lilivuma mwaka 2013, likaja kama mpango wa usalama, kwa hiyo masikioni mwangu lilikuwa neno la polisi na chifu. Hapa mabalozi wa nyumba kumi, ndio hao wajumbe, wapo tangu enzi za chama cha TANU, miaka ya 1960. Ni mambo ya chama, ni kweli, na wapo wasiopenda kwamba mgeni aanzie kwa mtu wa chama. Nawaelewa. Ila kwenye mtaa wangu huyo mama ndiye anayejua nani anaumwa, nani kajifungua, na nani kahamia juzi hana hata ndoo ya maji.

Msiba wa pili nilikwenda. Nilikuwa nimepanga kwenda Jumamosi, maana kwetu Nakuru maziko huchukua wiki au zaidi, kuna kamati na harambee za jioni. Mama mwenye nyumba akanishangaa: huku Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ileile, Jumamosi ungekuta nini? Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Nikasema poleni, wakaitikia tumeshapoa. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka na wengine uani kwenye masufuria. Mama mmoja akaniangalia suruali yangu, akafungua kanga ya juu aliyojitanda, akanifunga kiunoni bila kusema neno. Kisha akanipa kisu na beseni la vitunguu. Tulimenya mpaka macho yakavimba, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi mpaka tulipofika nusu ya beseni.

Kanga ile alikataa niirudishe.

Watu wa kwenu watakufaa wiki za kwanza: watakuonyesha dalali asiyekula pesa yako, watakuandaa kisaikolojia kwa kodi ya miezi sita mkupuo. Nawashukuru wangu. Lakini mwaka wa Mikocheni niliumalizia kwenye kundi letu la Wakenya, Ijumaa nyama choma, Jumapili ibada na watu walewale. Nyuma ya geti lile sikumjua hata jirani wa ukuta mmoja. Huo mwaka naulilia.

Na wenyeji nina ombi kwenu, ndugu zangu. Adabu yenu ni kubwa mno, wakati mwingine inamwacha mgeni gizani. Miezi minne nilikuwa nasimama gengeni nasema "nipe nyanya" na "nataka mchicha", na muuzaji ananifungia huku anatabasamu. Kwetu hilo si tusi hata kidogo. Aliyenishika mkono ni mama mwenye nyumba: "Mwanangu, hapa tunasema naomba." Maneno hayo yalinifungulia mtaa mzima, na kuna watu zaidi ya kumi wangeweza kuniambia mapema. Mtuambie. Kusahihishwa na jirani hakuumi kama kugundua mwenyewe kwamba ulikuwa unaonekana huna adabu.

Baba yangu alipofariki, habari ilinifikia saa tano usiku. Basi la Nairobi lilikuwa la alfajiri. Kabla sijamaliza kufunga begi mjumbe alikuwa mlangoni na daftari la rambirambi, nyuma yake wanawake wanne. Hawakuweza kufika Nakuru. Walikaa na mimi chini, kwenye mkeka wa mama mwenye nyumba, mpaka bodaboda ikaja. Ndani ya daftari niliandikwa "jirani yetu", na jina la nyumba. Neno Mkenya halikuwepo.

Mwezi uliopita chumba cha uani kimepangishwa kwa dada aliyetoka Bukavu, Kongo, na mtoto mdogo. Kiswahili chake ni cha kwao, anasalimia kwa sauti ya chini na kuingia ndani haraka. Jana nilimgongea hodi nikampelekea matembele. Jumamosi asubuhi tunakwenda wote kwa mjumbe.